Saratani ya Mapafu Inapoingia Mifupani: Tusimwache Mgonjwa Ateseke



Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunapenda kuzungumzia jambo ambalo familia nyingi hukutana nalo bila kulielewa. Saratani ya mapafu, au kansa ya mapafu kama wengi wanavyoiita, tunaijua kwa dalili za kifuani: kikohozi kisichokoma, makohozi yenye damu, kifua kubana na mwili kukonda. Lakini mara nyingi kinachomlaza mgonjwa kitandani, kinachomnyima usingizi na kumfanya ategemee watu hata kwenda chooni, si mapafu yenyewe. Ni mifupa.

Katika kila wagonjwa kumi wenye saratani ya mapafu iliyokwisha kuenea mwilini, watatu hadi wanne hivi hupatwa na saratani hiyo kwenye mifupa pia. Tena haya tutakayoyaeleza yanawafaa hata wanaomtunza mgonjwa wa saratani ya matiti au ya tezi dume. Saratani hizo mbili nazo hupenda sana kwenda mifupani, na hapa Tanzania zinaonekana mara nyingi kuliko ile ya mapafu.

Tuseme ukweli tangu mwanzo. Saratani ya mapafu ikishafika mifupani, kwa kawaida haiponi kabisa. Lakini kutopona si sawa na kukosa tiba. Maumivu yanatulizwa. Mfupa dhaifu unalindwa usivunjike. Miguu inayotaka kupooza inaweza kuokolewa, mradi tusichelewe. Mgonjwa aliyebakiwa na miezi michache anaweza kuiishi akiwa amekaa na wajukuu barazani, au anaweza kuiishi akilia usiku kucha. Tofauti hiyo kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa wale wanaomtunza.

SARATANI INAFIKAJE MIFUPANI?

Watu wengi hudhani mfupa ni kitu kikavu kama jiwe. Sivyo. Mfupa ni kitu hai, una damu na mishipa ya fahamu. Ndani yake kuna chembe za aina mbili zinazofanya kazi usiku na mchana. Za kwanza hubomoa sehemu za mfupa zilizochakaa. Za pili hujenga mfupa mpya. Kwa mtu mzima mwenye afya kazi hizi mbili huenda sawa.

Saratani ya mapafu ikikua, chembe zake hutoka na kusafiri katika damu. Zikifika kwenye mfupa, hasa ule wenye uboho mwingi, hutulia na kuanza kuzaana. Hapo huzichochea zile chembe za kubomoa zifanye kazi kupita kiasi, na zile za kujenga zinashindwa kufuatana nazo. Mfupa unabaki kama nguzo ya nyumba iliyoliwa na mchwa: kwa nje inaonekana nzima, ndani ni tupu.

Mifupa inayoshambuliwa zaidi ni pingili za uti wa mgongo, mbavu, nyonga, mfupa wa paja na mfupa wa mkono sehemu ya juu. Hii ndiyo mifupa inayobeba mwili na inayotumika katika kila kazi. Kwa watu wa Matombo, ambao njia ya shambani, ya mtoni na ya kanisani ni kupanda na kushuka milima ya Uluguru, madhara ya nyonga au mgongo dhaifu yanaonekana upesi kuliko kwa mtu wa tambarare.

MADHARA MANNE YA KUJUA

1. Maumivu. Haya ndiyo huanza. Kwa kawaida ni maumivu ya ndani kabisa, ya kutafuna, yanayokaa mahali pamoja na kuongezeka wiki hata wiki. Maumivu ya uchovu wa jembe hupungua mtu akilala. Haya ya saratani mara nyingi huzidi usiku. Mtu anayeamshwa usiku na maumivu ya mgongo au ya nyonga kwa majuma kadhaa asiambiwe kwamba ni uzee.

2. Kuvunjika. Mfupa ulioliwa ndani unaweza kuvunjika kwa sababu ndogo sana: kugeuka kitandani, kukohoa, kuinua ndoo, kujikwaa kidogo mlangoni. Mfupa wa paja ukivunjika mgonjwa hatembei tena mpaka afanyiwe upasuaji. Pingili za mgongo zikivunjika mtu hupinda na kupungua kimo. Mbavu zikivunjika anaogopa kuvuta pumzi na kukohoa, na makohozi yanayobaki kifuani huleta homa ya mapafu.

3. Kubanwa kwa uti wa mgongo. Hili ni la hatari na ni la dharura. Pingili iliyoharibika au uvimbe wake hukandamiza ule uti laini wa fahamu unaopita katikati ya mgongo. Dalili ya kwanza ni maumivu ya mgongo, mara nyingine yakizunguka kifua au tumbo kama mkanda uliokazwa, na kuzidi mtu anapokohoa au kupiga chafya. Kisha miguu inakuwa mizito, inakufa ganzi, mtu anayumba kama mlevi. Mwishoni haja ndogo inagoma kutoka, au haja zote zinatoka bila yeye kujua.

4. Kalsiamu kuzidi katika damu. Mfupa unapobomolewa, madini yake ya kalsiamu huingia kwenye damu. Yakizidi, mgonjwa anapata kiu isiyoisha, anakojoa mara kwa mara, anafunga choo, anatapika, kisha anakuwa msahaulifu, anaongea maneno yasiyoeleweka na kulala mchana kutwa. Saratani ya mapafu inaweza kuleta hali hii hata kabla ya kufika mifupani. Familia nyingi zikiona hivyo husema, "Sasa anakata roho," au husema amerogwa. Kumbe hali hiyo hupimwa kwa damu, na mara nyingi hupungua kwa dripu za maji na dawa ya kushusha kalsiamu. Mgonjwa aliyekuwa haongei anaweza kuwatambua tena watoto wake.

MFANO WA KUJIFUNZIA

Tuchukue mfano, ambao tumeutunga kwa ajili ya mafundisho. Baba wa miaka 60 hivi ameishi akilima migomba na mihogo, na amevuta sigara tangu ujana. Daktari wa mjini amekwisha kuwaambia kwamba ana saratani ya mapafu. Sasa mgongo unamuuma. Wiki ya kwanza mke wake anamkanda kwa maji ya moto. Wiki ya tatu anaitwa mzee anayejua kuchua, naye anamkandamiza mgongo kwa nguvu. Wiki ya tano anapigwa picha ya eksirei na kuambiwa mifupa haina tatizo, basi wote wanatulia.

Siku ya Alhamisi anasema miguu ni mizito, anahisi kama amekanyaga pamba. Ndugu wanashauriana. Kama tunavyojua, katika ukoo wa Kiluguru mjomba ana sauti, na mjomba yuko Dar es Salaam. Wanasema wamngojee aje Jumapili waamue pamoja. Jumamosi usiku mgonjwa anashindwa kukojoa. Jumatatu anapofikishwa hospitalini miguu imekwisha kupooza.

Familia hii ilimpenda mgonjwa wake. Hakuna aliyemtupa. Lakini kuna mambo matatu hawakuyajua.

Kwanza, mgongo wenye saratani hauchuliwi kwa nguvu. Kuukandamiza kunaweza kuuvunja.

Pili, picha ya eksirei haioni kila kitu. Mfupa hupoteza sehemu kubwa ya madini yake, kama theluthi hadi nusu, kabla uharibifu haujaonekana kwenye picha hiyo ya kawaida. Kwa hiyo picha nzuri kwa mgonjwa wa saratani mwenye maumivu haitoshi kumwambia hana kitu. Vipimo vikubwa zaidi, yaani sitiskani au emarai, huenda vikahitajika.

Tatu, na hili ndilo kubwa, miguu ikianza kuwa mizito tunahesabu saa, hatuhesabu siku. Mgonjwa anayefika hospitalini akiwa bado anatembea, mara nyingi huendelea kutembea baada ya tiba. Aliyefika miguu ikiwa imekwisha kupooza ni mara chache airudishe. Mjomba apigiwe simu, mgonjwa akiwa tayari yuko njiani.

SI KILA MGONGO UNAOUMA NI SARATANI

Tusije tukawatia watu hofu. Maumivu mengi ya mgongo yanatokana na kazi, mizigo na umri. Tena hapa kwetu upo ugonjwa mwingine unaofanana sana na huu, nao ni kifua kikuu. Kifua kikuu huleta kikohozi, kukonda na damu kwenye makohozi, na kinaweza kuingia kwenye pingili za mgongo na kuleta kibyongo au kupooza. Tofauti ni kwamba kifua kikuu kinapona kabisa kwa dawa, nazo hutolewa bure. Ndiyo maana mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe makohozi. Lakini aliyeanza dawa za kifua kikuu na haoni nafuu yoyote baada ya miezi kadhaa arudi kwa daktari achunguzwe upya, maana saratani ya mapafu huchelewa kugunduliwa kwa njia hiyo.

HOSPITALI INAWEZA KUFANYA NINI?

Kutoka Matombo, njia ya kawaida ni zahanati au kituo cha afya, kisha kuteremka kupitia Mkuyuni, Kiroka na Bigwa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Morogoro. Kutoka hapo daktari akiona inafaa huandika rufaa kwenda Dar es Salaam, Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road. Majengo ya zamani ya Ocean Road ni hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1996 ilifanywa kuwa taasisi ya saratani inayojitegemea. Huko kuna tiba ya mionzi.

Mionzi. Watu wengi huiogopa wakidhani ni moto. Mgonjwa halisikii joto lolote. Analala kwenye kitanda cha mashine kwa dakika chache, mionzi inaelekezwa kwenye mfupa unaouma, basi. Kwa maumivu ya mifupa, uchunguzi uliofanyika katika nchi nyingi umeonyesha kwamba mara nyingi dozi moja ya siku moja hutuliza sawa na dozi ndogondogo za wiki mbili. Hili ni la maana sana kwa familia ya mbali, kwa kuwa gharama kubwa kwao ni nauli na mahali pa kufikia mjini. Wagonjwa sita hivi katika kila kumi hupata nafuu. Nafuu haiji siku hiyohiyo. Huchukua wiki moja hadi nne, na siku mbili tatu za kwanza maumivu yanaweza hata kuzidi. Tusikate tamaa wala kusema mionzi imemuharibu.

Dawa za kulinda mifupa. Ipo sindano ya dripu iitwayo asidi ya zoledroniki, inayozuia zile chembe za kubomoa. Hupunguza kuvunjika kwa mifupa na hushusha kalsiamu. Kabla ya kupewa, mgonjwa apimwe figo na aangaliwe meno, kwa sababu kung'oa jino wakati wa tiba hii kunaweza kuleta kidonda cha taya kisichopona.

Upasuaji. Mfupa wa paja uliovunjika, au unaokaribia kuvunjika, unaweza kuwekewa chuma ndani. Lengo si kuponya saratani, ni mgonjwa asimame na kukaa bila maumivu.

Dawa ya kupunguza uvimbe. Kwa uti wa mgongo uliobanwa, daktari huanza mara moja dawa ya deksamethasoni, akingojea mionzi au upasuaji.

Safari yenyewe pia ni sehemu ya matibabu. Mgonjwa mwenye mgongo au nyonga mbovu asipakiwe kwenye pikipiki. Mashimo ya njiani yanaweza kumvunja. Abebwe kwenye machela au ubao bapa mpaka kwenye gari, alazwe kwenye godoro, na dereva aombwe kwenda taratibu. Apewe dawa ya maumivu nusu saa kabla ya kuondoka. Kati ya Morogoro na Dar es Salaam, tangu mwaka 2024 kuna treni ya reli mpya, ambayo humtikisa mgonjwa kidogo kuliko basi. Kama fedha ni tatizo, muulizeni mhudumu wa ustawi wa jamii wa hospitali habari za msamaha wa matibabu kabla hamjafikiria kuuza shamba. Shamba la ukoo likiuzwa kwa haraka, watoto hubaki bila baba na bila ardhi.

MOFINI: TUIELEWE VIZURI

Dawa za maumivu hupandishwa kwa ngazi, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoelekeza tangu mwaka 1986. Maumivu madogo hutulizwa kwa parasetamoli au dawa za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki. Hizi za pili zisinywewe kiholela kwa miezi, kwa sababu huchoma tumbo na kuharibu figo. Maumivu makali ya mifupa yanahitaji mofini.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki, mofini ya maji ya kunywa ilienezwa sana na daktari Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa na daktari mmisionari nchini Nigeria. Mwaka 1993 alianzisha huduma ya wagonjwa mahututi jijini Kampala. Mofini ya unga huchanganywa na maji, mgonjwa anakunywa akiwa nyumbani kwake, na bei yake ni ndogo. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu hata wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Hapa Tanzania Ocean Road nayo imekuwa ikiandaa mofini ya maji. Ukifika hospitali ya mkoa, uliza kitengo cha tiba shufaa. Tiba shufaa ni huduma ya kutuliza mateso ya mgonjwa na kuisaidia familia yake, na inaweza kutolewa sambamba na matibabu mengine. Si lazima kungoja siku za mwisho.

Familia huuliza maswali yafuatayo.

Je, hatakuwa mlevi wa dawa? Mgonjwa anayetumia mofini kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo cha daktari, ni nadra sana kuwa mraibu. Mwili unaweza kuizoea, ndiyo maana isikatishwe ghafla, lakini hilo si ulevi.

Je, si dawa ya kuuawa nayo? Hapana. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haiharakishi kifo. Wagonjwa wengi wakitulizwa hula vizuri na kulala.

Je, Kanisa linaruhusu? Linaruhusu. Papa Pius wa 12 alilijibu swali hili mwaka 1957 alipozungumza na madaktari, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha hivyo katika namba 2279: kutuliza maumivu kunapatana na heshima ya binadamu, hata kama dawa ingeweza kufupisha siku za mgonjwa, mradi kifo chenyewe hakitakiwi. Mtu anaweza kuyatolea mateso yake kwa Mungu kwa hiari yake. Lakini hakuna mtu mwenye haki ya kumwamuru mwenzake ateseke wakati dawa ipo.

Anywe lini? Mofini ya maji kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa nne, kwa saa, si kungoja mpaka mgonjwa alie. Yule anayejua kusoma katika familia aandike kwenye daftari saa na kipimo. Mofini hufunga choo karibu kwa kila mtu, hivyo aombewe dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, anywe maji na ale papai. Siku za mwanzo anaweza kusinzia na kusikia kichefuchefu, kisha hupungua. Ikiwa anasinzia mno, haamki akiitwa na anapumua polepole sana, msimpe dozi nyingine, mpelekeni kwa mganga upesi. Chupa ifungiwe mbali na watoto.

KUMTUNZA NYUMBANI

1. Kitanda. Kitanda cha kamba kilicholegea kinaukunja mgongo. Kikazwe, au liwekwe ubao chini ya godoro.

2. Kumgeuza. Ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya kulalia. Watu wawili au watatu wamgeuze kwa pamoja kama gogo: kichwa, mabega na nyonga vikienda mara moja, bila kumpindua kiuno. Msimvute kwa mkono wala kumwinua kwa kwapa.

3. Choo. Kuchuchumaa ni mateso makubwa kwa mwenye nyonga mbovu, na wengine huacha kula ili wasiende chooni. Fundi seremala wa kijijini anaweza kutoboa kiti cha mbao, kikawekwa juu ya tundu la choo au juu ya ndoo chumbani. Kazi hiyo ya nusu siku humrudishia mtu heshima yake.

4. Kutembea. Apewe fimbo, na mtu wa kwenda naye kandokando. Njia ya uani isafishwe mawe na utelezi. Asibebe ndoo, kuni wala mtoto. Lakini anayeweza kutembea bila maumivu makali asilazwe siku nzima, kwani kulala tu hudhoofisha mifupa na misuli.

5. Chakula. Ale anachokipenda, kidogo kidogo, mara nyingi. Maji ya kutosha yanasaidia figo. Msimnunulie vidonge vya kalsiamu madukani mkidhani mifupa imepungukiwa. Mifupa hii inabomolewa na saratani, na kalsiamu ya ziada inaweza kumdhuru. Kama daktari ameanza dawa ya kulinda mifupa, ndiye atakayesema kama inahitajika.

6. Moshi. Asilazwe jikoni penye moshi wa kuni, na wavutaji wa sigara wavutie mbali.

MAUMIVU YASIYOPIGWA PICHA

Daktari Cicely Saunders, aliyefungua nyumba ya wagonjwa mahututi mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii ni ya mtu mzima wote: mwili, moyo, familia na roho. Mifupa inauma, lakini pia anaumia kwa sababu hawezi tena kulima, kwa sababu binti ameacha shule ili amtunze, kwa sababu mke wake atabaki na nani. Baba aliyezoea kuwagawia wengine chakula, sasa analishwa kwa kijiko. Maumivu haya nayo humnyima usingizi, na mofini peke yake haiyatoshi.

Hivyo tukae naye. Tumuulize anauma wapi, na tumuulize anawaza nini. Asifichwe ugonjwa wake kama anataka kuujua, kwa sababu anayejua hupata nafasi ya kupatana na jirani, kugawa mali yake kwa haki na kuagana na watoto. Padre aitwe mapema kwa ajili ya Mpako wa Wagonjwa. Sakramenti hii ni ya kumtia nguvu mgonjwa, si tangazo la kifo.

Na anayemtunza naye ni mtu. Mara nyingi ni mke, dada au mpwa mmoja tu, asiyelala miezi mitatu. Jumuiya ndogondogo zinaweza kupanga zamu: leo familia hii ichote maji, kesho ile ilale na mgonjwa, kesho kutwa wengine wapalilie shamba lake. Kuja kumwona kwa dakika kumi na kuombea ni vizuri. Kufua mashuka yake ni vizuri zaidi.

KWA UFUPI

Tukumbuke mambo matano:

(a) Maumivu ya mfupa yanayozidi usiku kwa mgonjwa wa saratani yachunguzwe, hata kama picha ya kwanza ni nzuri.

(b) Miguu mizito, ganzi au haja ndogo kugoma ni dharura ya siku hiyohiyo.

(c) Kiu kali, kufunga choo na kuchanganyikiwa ni sababu ya kupima damu.

(d) Usichue kwa nguvu, usimpakie kwenye pikipiki, usimpe kalsiamu bila ushauri.

(e) Mofini iliyoandikwa na daktari ni rafiki wa mgonjwa.

Na vijana wetu wasianze kuvuta sigara. Duniani kote saratani ya mapafu iliua watu wapatao milioni 1.8 katika mwaka 2022 peke yake, na chanzo chake kikubwa ni tumbaku.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu kuna mgonjwa asiyeweza kwenda chooni mwenyewe? Nani anaweza kumtengenezea kiti?

2. Mgonjwa akipatwa na dharura usiku, ni gari la nani tutaliomba, na ni akina nani watabeba machela? Tupange leo.

3. Ni nani miongoni mwetu anamtunza mgonjwa peke yake? Tutampumzisha siku gani?

Mungu awafariji wagonjwa wetu wote na awatie nguvu wanaowatunza. Tukutane tena mwezi ujao.